Laptop ya mama iligoma kuwaka, mimi nikamshuku fundi

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Huwa nasoma tu humu kimyakimya. Leo naandika, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Nimetoka shule (niko Form Three), nikapita dukani kwa mama hapa Nyamongo. Ana stationery, anachapa barua na kutoa kopi.

Nikawasha laptop. Screen nyeusi, maandishi meupe: disk error. Nikazima, nikawasha. Vilevile.

Mama aliwaza kazi za wateja. Mimi niliwaza diary yangu.

Naandika humo tangu Form One, nimeificha kwenye folder ya "Notes za Biology". Kuna mambo yangu ya moyoni, na kuna ya mama pia, siku alizonikera. Password sikuweka. Nani angefungua Biology?

Tukaipeleka kwa fundi, kaka mmoja wa Geita aliyekuja kuchimba dhahabu akaishia kutengeneza simu na kompyuta. Sikumwamini hata kidogo. Nikakaa pale pale, macho kwenye mikono yake.

Mama naye (mura ni kijana kwa Kikurya): "Mura, usije ukatubadilishia disk."

"Mama, nani anaiba disk mbovu? Hii mashine inakaa wapi?" fundi akauliza.

"Dukani, jirani na karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Ukuta wetu mmoja."

"Basi na disk mnaisaga."

Kweli, karasha likinguruma meza yetu hutetemeka mpaka kalamu zinadondoka. Tumeshazoea.

Akaanzisha scan ya kurekebisha disk. Asilimia zinapanda polepole.

"Dada, mbona unanilinda hivyo? Una nini humu?"

"Notes."

Saa moja kasoro ikawaka. Akaniambia nihamishie vitu kwenye flash haraka, disk hiyo haina siku nyingi.

Nikafungua Word. Diary ilikuwa juu kabisa kwenye mafaili ya karibuni: imefunguliwa leo, saa nne asubuhi.

Saa nne nilikuwa darasani. Fundi alikuwa hata hajaiona laptop. Na dukani huwa yupo mama peke yake.

Nikageuka. Mama alikuwa mlangoni, anaangalia barabarani kama anasubiri mtu.

Fundi nilimwonea bure, hilo nakiri. Na wenye laptop karibu na karasha, hamisheni vitu vyenu mapema. Ila wakuu, nyie mngemuuliza mama pale pale? Semeni tu, nasoma zote.

Mimi sikuweza. Asubuhi, kabla ya shule, nilifungua diary, nikashuka mpaka mwisho, nikaandika: "Shikamoo mama. Ukifika hapa, naomba tuongee."

Nikamwachia laptop ikiwa wazi.