Mume Wangu na Vyakula vya Bandari Zote

Mume wangu alirudi Chole baada ya miaka kumi na mmoja ya kufanya kazi melini, na neno la kwanza alilolisema juu ya chakula changu lilikuwa, "Kimekosa ukali."

Nilikuwa nimempikia wali wa nazi na samaki changu wa kupaka. Wali, si muhogo. Mchele wenyewe niliuweka kwenye mtungi tangu niliposikia kwamba yuko Unguja anatafuta chombo cha kumleta. Nazi nilikuna mimi, tui nilichuja mimi, samaki nilimgeuza juu ya makaa ya vifuu mpaka macho yakaniwasha. Yeye alimega tonge moja, akalitafuna polepole huku ameinua uso kama mtu anayesikiliza adhana ya msikiti wa mbali.

"Ukali gani, bwana?" nikamuuliza. "Ndimu imo. Pilipili imo."

"Siyo huo. Ukali wa siki. Kwa Wajerumani, kule Hamburg, yuko samaki ambaye hata moto haoni. Hulazwa kwenye siki na vitunguu siku tatu, siku nne, mpaka miiba inalainika."

Mama mkwe wangu alisimamisha mkono juu ya sinia. "Mbichi?"

"Mbichi, mama. Huliwa na mbatata za kuchemsha."

"Na nguruwe je? Hukumgusa?"

"Astaghfirullah, mama!"

Basi akaridhika, akaendelea kula. Aliyebaki bila kuridhika ni mimi.

Nieleze kwanza jinsi alivyoondoka. Tulikuwa na binti mmoja, wa miaka mitano, na minazi michache ya urithi. Siku hizo boma la Wajerumani lilikuwa bado Chole, na vyombo vikija na kwenda. Akapata kazi jikoni katika meli ya moshi, akaaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Mwaka ukazaa mwaka. Kila baada ya miezi kadhaa baharia fulani alileta salamu na kitambaa, mara sabuni, mara kopo la chai. Mimi nikalea mtoto, nikamtunza mama yake, nikaangua nazi na kuanika mbata. Nilijua siku atakayorudi tutakuwa na mengi ya kuzungumza. Sikujua kwamba yote yatakuwa ya kula.

Nikipika mbaazi, aliniambia Wamisri hupika maharage usiku kucha na kuyamwagia mafuta. Nikipika pweza, akasema Napoli pweza huliwa na tungule na mkate. Siku nilipochoka nikachemsha muhogo mtupu na chumvi, nilidhani nimemkomesha. Akautazama, akasema, "Huu ungekatwa vipande vyembamba ukakaangwa ukanyunyiziwa pilipili na ndimu, ndivyo Bombay wanavyofanya."

"Basi ukate," nikamwambia. "Kisu kile pale."

Hapo nilikosea. Alikichukua kisu, na tangu siku hiyo jiko likawa lake.

Kwangu mimi jiko la mwanamke ni kama msala wake: kila kitu kiko mahali ambapo mkono unapajua. Yeye alihamisha mafiga kwa sababu ati upepo haukuwa sawa. Alinitwalia mwiko wangu kukorogea chokaa. Ndiyo, chokaa, ile ya kujengea! Aliichanganya na majivu na majani ya chai, akapaka mayai kumi na mawili ya bata, akayafukia nyuma ya nyumba. Mchina mmoja aliyekuwa naye jikoni melini ndiye aliyemfundisha. Kwa siku arobaini hatukuruhusiwa kupita pale na ndoo. Alipoyafukua na kumenya la kwanza, ute ulikuwa mweusi, unang'aa, na harufu yake iliwafanya kuku wasogee upande wa pili wa ua.

Mama mkwe akainama kutazama. "Mwanangu, hili ni yai au jicho la papa?"

"Onja, mama. Huliwa na uji."

"Mimi uji wangu naula na meno yangu mawili, yananitosha."

Alikula peke yake, mayai mawili, mbele yetu sote, akitikisa kichwa kwa raha. Mpaka leo sijui kama raha ile ilikuwa ya kweli.

Kisha likaja suala la jibini. Alikuwa amekula mahali fulani karibu na mfereji wa Suez tikiti maji lililopangwa na jibini nyeupe ya chumvi, na akaapa kwamba hakuna mambo mawili duniani yaliyoumbwa yaoane kama hayo. Matikiti tunayo. Jibini hatuna. Akanunua maziwa ya ng'ombe, akayakata kwa ndimu, akatafuta kitambaa cha kuyachujia. Nilirudi kutoka shambani nikakuta kanga yangu, ile ambayo sikuwa nimeivaa hata mara moja, inaning'inia kwenye boriti na kudondosha maji meupe.

Nilisimama pale mpaka mama mkwe akaniletea kigoda nikae.

"Itafuliwa," alisema mume wangu.

"Harufu je? Nayo itafuliwa?"

"Harufu ya jibini ndiyo uzuri wake, mke wangu."

Mwaka huo huo binti yetu akaposwa na watu wa Utende, ng'ambo ya pili. Watu wema, wenye minazi mingi na maneno machache. Ndoa ikapangwa msimu wa embe. Nikaanza kuhesabu masinia ya kuazima na kuwaomba majirani waje kunisaidia kuchagua mchele. Mume wangu akaniita barazani, akaniambia nisihangaike.

"Chakula cha harusi ya mwanangu nitakipanga mimi. Nimemkosa miaka kumi na mmoja. Nataka wageni wale vitu ambavyo hawajapata kuviona. Samaki wa siki na mbatata. Tikiti na jibini. Kisha embe zilizopondwa, na mikate ya kukaanga ya Kihindi ya kuchovya."

"Na pilau?"

"Pilau, pilau! Wali watu wanakula kila siku."

"Bwana, wali watu hawali kila siku. Ndiyo maana wanakuja harusini."

Hakunisikia. Alikuwa tayari anatafuta mtungi wa kulazia samaki. Nilikwenda kwa mama mkwe wangu, nikijua ni mtu pekee anayeweza kumzuia. Nikampigia magoti, nikamwamkia shikamoo kama mgeni. Alinijibu marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwache. Huyu mtoto wangu hakuwahi kufanyiwa karamu wala kufanya. Lakini na wewe usiaibike."

Nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Nilikwenda kwa jirani, mwanamke mwenye ua mpana na mdomo mzito. Kaka yangu akachinja mbuzi wawili kwake alfajiri ya siku ya ndoa, na mimi nikawa nakimbia kati ya nyua mbili: huku natazama pilau, kule namsaidia mume wangu kusukuma mikate. Kila niliporudi aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nimekwenda kuazima ungo. Niliazima ungo mara saba siku ile.

Wageni wa Utende waliingia na mitumbwi yao baada ya sala ya adhuhuri. Ndoa ikafungwa msikitini, wanaume wakakaa barazani juu ya mikeka, wanawake tukawa uani. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango, naona pande zote mbili.

Kikatoka cha kwanza, samaki wa siki, baridi, mweupe, na mbatata pembeni. Mzee mmoja, baba mdogo wa bwana harusi, alinyanyua kipande, akakinusa kwa adabu, akauliza, "Samaki huyu amevuliwa leo?"

"Leo?" mume wangu akasema, uso umemchangamka. "Hapana, mzee! Ana siku nne huyu!"

Katika kisiwa ambacho mtoto mdogo anaweza kukwambia samaki ametoka majini saa ngapi, mume wangu alisimama mbele ya wakwe akajisifu kwamba samaki wake ana siku nne. Yule mzee akakirudisha kipande taratibu, akafuta vidole. Wengine wakala mbatata.

Likafuata tikiti na jibini. Kijana mmoja akamnong'oneza mwenzake, lakini nilimsikia: "Tikiti hili liliangukia baharini?" Mwenzake akaziba kicheko kwa kanzu. Sahani zikarudi karibu vilevile zilivyokwenda. Mume wangu alikuwa bado anaeleza habari za Suez, sauti yake inazidi kupanda, mikono inazidi kuzunguka, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Nikampungia kaka yangu mkono. Masinia ya pilau yakaingia kwa mlango wa pili, yanafuka, na nilisikia baraza zima likivuta pumzi. "Bismillah," wakasema kwa pamoja, na baada ya hapo hapakuwa na mazungumzo. Mume wangu aligeuka akaniona nyuma ya pazia. Hakukunja uso. Alinitazama tu, kisha akaketi pembeni kama mgeni aliyechelewa.

Embe zilikuja mwisho, zilizopondwa na iliki, baridi, rangi ya manjano kama jua la saa moja, na mikate midogo iliyofura kama vipovu. Mimi nilitaka zibaki jikoni, nikihofia aibu ya tatu. Mama mkwe ndiye aliyezitoa mwenyewe. Na hizo, wallahi, wakala. Wakachovya, wakalamba vidole, wakaulizia zaidi. Yule mzee wa samaki alikula bakuli mbili. Mama wa bwana harusi akaja mpaka jikoni, akasimama mbele yangu.

"Mwenzangu, hizi embe nani kazitengeneza?"

"Mume wangu."

"Mashallah! Una bahati. Mwambie atuandalie Maulidi yetu."

Nilingoja aseme neno juu ya pilau. Nilikuwa nanuka bizari kuanzia utosini, mkono umeungua, sijakaa tangu alfajiri. Akaondoka. Hakuna aliyeisifu pilau siku ile. Ilikuwa pilau ya harusi, ilitakiwa iwepo, ikawepo.

Asubuhi ya pili, nyumba ikiwa kimya bila binti yetu, nilimkuta mume wangu uani anasugua masufuria. Hajawahi kufanya hivyo. Alikuwa ameyapanga kwa ukubwa, anayasugua kwa mchanga na majivu, kwa ndani kwanza, kisha kwa nje, haraka haraka kama mtu aliyezoea.

"Ulijua watakataa," alisema bila kuinua kichwa.

"Nilijua watakuwa na njaa."

"Hukuniamini."

"Wewe uliniamini lini? Tangu urudi hujasema hata mara moja kwamba nimepika vizuri."

Akaacha kusugua. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amelisema tangu aje. Kwamba melini hakuwahi kupika. Hata siku moja. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiosha masufuria na kumenya mbatata. Alichokijua juu ya vyakula vya dunia alikijua kutokana na kilichobaki chini ya sufuria, au kwa kumtazama mpishi kwa nyuma, au bandarini, kwa tonge aliloonjeshwa na wauzaji wa kando ya njia.

"Nikawa najiambia, nikifika kwangu nitapika vyote."

Sasa mtu umfanye nini mtu kama huyo? Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilikuwa na maneno ya mwaka mzima, nimeyapanga: kanga, mwiko, chokaa, mafiga. Akaninyang'anya hata hasira yangu. Nilichukua sufuria moja nikaanza kusugua naye, na nilikuwa nimeudhika zaidi kuliko kabla hajasema.

Sikupata tena jiko langu lote. Watu wa Utende walimwita Maulidini kweli, na baada yao wengine. Yeye alikaa kwenye kiti akionja na kusimulia, mimi na wanawake wenzangu tukaponda embe. Likasifiwa jina lake. Kitu kimoja tu alikibadilisha: alianza kuniuliza, "Imekolea?" kabla hajawauliza wengine. Nilimjibu kila mara kwamba bado.

Kisha vita vikaja. Waingereza wakaingia kisiwani, vyombo vikaacha kuja, mchele ukaisha madukani, na watu wakarudi kula muhogo, na muhogo ulipopungua wakachimba viazi vya porini. Mama mkwe wangu alifariki wakati huo, Mungu amrehemu, kwa homa. Nyumbani tukabaki wawili, na jioni majirani wakaanza kuja kukaa uani kwetu wamsikilize mume wangu akitaja vyakula. Fikiria upuuzi huo: watu wenye njaa wamekaa duara, wanamsikiliza mtu akieleza jinsi nyama ya kondoo inavyookwa Adeni na mchuzi wa samaki unavyopikwa Marsilia, kwa Wafaransa. Jirani yangu wa mdomo mzito alikuwa akimeza mate kwa sauti. Siku moja nikawafukuza wote, nikasema nyumba hii siyo hoteli ya hewa.

Tukabaki na kipande cha muhogo wa kuchemsha kati yetu. Nikaumega, nikampa nusu yake. Nikaona anautazama.

"Haya," nikasema. "Ule mchuzi wa samaki wa Marsilia. Wanautia nini kwanza?"

"Vitunguu. Halafu zafarani. Halafu nazi."

"Nazi Ulaya? Nazi wameitoa wapi?"

Akafikiri. "Basi labda ule ulikuwa wa Bombay."

"Umesimulia mwezi mzima kwamba ni wa Marsilia!"

Tuligombana juu ya mchuzi ule mpaka muhogo ukapoa, na tukaula hivyo hivyo, mkavu, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba hajui kitu.