Gauni la Namba Tatu

Mwaka wa tano baada ya Mapinduzi mama alipatwa na kiharusi, asubuhi moja akiwa amekaa mkekani anachambua mchele. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yote yakampotea isipokuwa moja. Neno lililobaki lilikuwa "bado". Akitaka maji alisema bado, akishiba alisema bado, na mgeni akimwamkia alimjibu bado. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, sijaolewa, nasomesha darasa la kwanza katika skuli moja ya Jang'ombe. Baba alikuwa ameshafariki zamani. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, katika vyumba viwili vya ghorofani, Mkunazini.

Shida kubwa ilikuwa chakula. Mama hakukubali kula kwa mkono wa kushoto, basi ilibidi nimlishe, naye alifumba macho kila tonge lilipomfikia mdomoni. Muuguzi wa hospitali aliniambia, "Mkono huo usiuache ukalala. Upe kazi ndogo ndogo kila siku." Nikampa mchele achambue, akaumwaga. Nikampa uzi akunje, akautupa.

Skuli nilikuwa nikiwafundisha watoto namba na rangi kwa pamoja. Nilichora embe au nanasi, nikaligawa vipande, na kila kipande nikakitia namba. Moja ilikuwa nyekundu, mbili kijani, tatu manjano, na kuendelea. Mtoto akiijua namba anaijua na rangi. Penseli za rangi zilikuwa adimu wakati ule. Boksi langu la rangi kumi na mbili nilirithi kwa mwalimu mwenzangu aliyehama, na nilizichonga mwenyewe kwa wembe ili zisiishe upesi.

Siku moja nikamchorea mama nanasi. Aliliangalia, akaniangalia mimi, akaisukuma karatasi mpaka ikaanguka chini. "Bado," alisema. Nikaiokota. Nilikuwa nimemfanya mtoto wa darasa la kwanza, na yeye kichwani hakuwa na kasoro yoyote.

Ndipo nilipofikiria picha zake mwenyewe. Tulikuwa nazo tisa, zote nyeusi na nyeupe, ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda. Nilichukua karatasi nyembamba ya kunakilia ramani, nikaiweka juu ya picha na kufuata mistari polepole kwa penseli: ukingo wa uso, mabega, mikunjo ya nguo, miguu ya kiti. Kisha nikaigeuza karatasi hiyo upande wa pili, nikaisugua kwa risasi ya penseli, nikaupiga chapa mchoro kwenye karatasi nzito. Nyuso niliziacha bila ya namba. Vingine vyote nilivitia.

Picha ya kwanza niliyoichagua ilikuwa ya mama amekaa kwenye kiti kwa mpiga picha, na mtoto wa kike wa miaka miwili hivi amesimama kando, ameshika nguo ya mama. Nyuma ya picha baba alikuwa ameandika jina langu kwa herufi za Kiarabu. Picha hiyo nilikua nayo. Mashoga zangu wote nimewaonyesha: huyu mimi, tazameni nilivyonuna. Gauni la mtoto nikalitia namba tatu, manjano, kwa sababu kwenye sanduku la mama lilikuwamo gauni langu la utotoni la manjano, na sikuona haja ya kufikiri zaidi.

Safari hii mama hakuisukuma karatasi. Nilizizungushia penseli vitambaa ziwe nene, nikaibana ile ya kahawia katika vidole vyake, naye akaanza na kiti. Alichukua siku tatu kuumaliza mguu mmoja wa kiti. Rangi ilitoka nje ya mstari kila upande, lakini mkono ulikuwa unakwenda. Nilikaa karibu yake nasahihisha madaftari.

Tulipofika kwenye gauni la mtoto nikampa penseli ya manjano. Akaiachia. Nikamrudishia, akaiachia tena. Mara ya tatu aliitupa ukutani, risasi ikavunjika.

"Bado," alisema. "Bado. Bado."

Nilidhani amechoka. Lakini kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa. Alipaka kila kitu kwa kufuata namba, hata nguo yake mwenyewe, akaruka gauni tu.

Ijumaa akaja mama mkubwa, dada yake mama, aliyekuwa akiishi Amani na kuja kututazama kila wiki. "Shikamoo mama mkubwa," nilimwamkia. "Marahaba mwanangu," alijibu, akavua buibui na kukaa kitandani kwa mdogo wake. Nikamwonyesha karatasi na nikamweleza kisa cha manjano.

"Kwani gauni hili lilikuwa manjano?" aliuliza.

"Si lile langu lililomo sandukuni?"

Mama mkubwa aliichukua picha yenyewe, akaisogeza dirishani.

"Nani kakwambia huyu ni wewe?"

"Jina langu si hilo hapo nyuma?"

"Jina ni lako. Lilikuwa lake kwanza." Alimtazama mama, kama anayeomba ruhusa. Mama hakufanya ishara yoyote. "Huyu dada yako. Alikufa kwa surua, hajatimiza miaka mitatu. Wewe umezaliwa mwaka wa pili yake, baba yako akasema jina lisipotee."

"Mbona sikuambiwa?"

"Hujauliza," alisema mama mkubwa. "Na mama yako hakutaka kutajiwa."

Ni kweli, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtoto yule ni mimi. Nilijiambia mwenyewe. Nakumbuka sikulia, na nilishangaa kuwa sikulia. Nilichofanya ni kutafuta raba na kuifuta ile tatu. Kisha nikazipanga penseli zote kumi na mbili kwenye mto, mbele ya mama. Alizitazama zote, akanyoosha kidole kwenye buluu. Nikaandika namba sita. Gauni lile alilipaka kwa wiki nzima, kipande kwa kipande, na hapo ndipo nilipoona mara ya kwanza kwamba hakutoka nje ya mstari.

Tangu siku hiyo sikutia namba mpaka nimemuuliza. Koti la baba, ambalo daima nililidhani jeusi, lilikuwa la kahawia. Pazia la mpiga picha lilikuwa la kijani. Namba zikaanza kutufaa hata nje ya karatasi. Siku moja, nilipokuwa namvisha, mama aliinua kidole kimoja, nikafikiri ananikataza. Akakiinua tena, na mimi nikaenda kumletea kanga yake nyekundu.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata alifuturu kwa mkono wake wa kulia, tende moja. Maneno yakarudi machache, moja moja. Alasiri moja nikiwa jikoni nilisikia jina langu, wazi kabisa. "Naam mama," nilijibu, nikaja mbio na mwiko mkononi. Mama alikuwa ameishika ile picha, wala hakugeuka. Nikarudi jikoni kutazama chungu kisiungue. Baadaye alikuja kuniita na mimi pia, mara nyingi, na nilijifunza kuzitofautisha sauti hizo mbili.

Mama aliishi miaka mitatu mingine. Katika mwaka wa mwisho jirani yetu wa chini aliziona karatasi zile, akaniletea picha ya harusi yake nimtilie namba, wanawe wapate kupaka. Nilimwambia nitafanya, lakini kwanza anitajie rangi ya kila nguo. Alifikiri, akasema hakumbuki vizuri, atamuuliza mumewe. Jioni alirudi.

"Yeye anasema gauni langu lilikuwa la waridi," alisema, "na mimi nnaona lilikuwa jeupe."

"Tuandike ipi, Bi mkubwa?"

"Hebu ngoja kwanza nkamuulize wifi yangu," alisema, akaichukua picha yake na kushuka nayo ngazi.