Muhuri kwa Kila Kadi

Vijana niliofanya nao kazi ya kubuni lugha ya kompyuta walijisifu kwamba wamevumbua jambo: unaipa lugha tendo moja na orodha, nayo inalipitisha tendo hilo kwa kila kilichomo, hata kama ni orodha ndani ya orodha, bila kuvuruga mpangilio. Niliwacheka. Mimi nililijua jambo hilo tangu miaka ya hamsini, nikiwa karani wa shamba la mkonge njia ya Pangani, na lilinifunga.

Masika yalikaribia, vibarua wakawa wanaondoka kwenda kulima makwao. Meneja akaamuru kila kadi ya kazi ipigwe muhuri wa kumzuia mwenye kadi asiondoke kwa miezi sita. Kadi zilikaa ndani ya bahasha, bahasha moja kwa kila nyumba. Bahasha zikafungwa mabunda, bunda kwa kila kambi. Mabunda yote ndani ya kasha. Karani mkuu, Mbondei mtaratibu aliyenifundisha kazi, alinionyesha: fungua, piga, rudisha palepale.

"Usisome majina, mwanangu," alisema. "Ukisoma utaanza kuwahurumia, na kazi haitaisha."

Sikusoma. Nilikuwa na haraka yangu. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenikubali, na Jumatatu nilitakiwa kuripoti. Baba yangu, kule Maramba, alikuwa amekwisha kumtangazia kila jirani. Nikapiga mihuri kwa raha zangu, hata nikajiona fundi. Bunda la mwisho lilikuwa jembamba. Nilipomaliza kulifunga ndipo nilipoona limeandikwa "Ofisi".

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Niliitoa kadi yangu, wino bado mbichi, nikampelekea karani mkuu.

"Mzee, hii ni yangu. Nakuomba unifutie."

"Nikikufutia wewe, wa kambini nitawaambia nini?"

Nilimchukia kwa jibu lile, na nilimchukia zaidi kwa sababu lilikuwa la haki.

Chuo kilimpa mwingine nafasi yangu. Miezi sita nilikaa ofisini nikipiga mihuri, hasira zimenijaa kifuani, mkono ukizidi kuwa mwepesi. Muda ulipotimia nikaenda kuomba ruhusa ya kuondoka. Meneja akasema hajapata kuona karani mwepesi kama mimi. Akaniwekea kadi mpya mezani, akanipa muhuri niipige mwenyewe. Sikuwa tena na chuo cha kwenda. Nikaipiga.