Mama Pindo na sketi za damu ya mzee

Saa moja asubuhi, Mama Pindo ameshapanga mkasi, chaki na futi mezani. Anakata kitambaa cha rangi ya damu ya mzee taratibu, ncha ya ulimi ikichungulia pembeni mwa mdomo. Sketi thelathini za shule zinatakiwa leo saa tisa. Zilizokamilika ni ishirini na sita.

Ukutani zimening'inia nyingine kumi na mbili, zimepigwa pasi zikanyooka. Zote ni za kijivu. Hazina mwenyewe.

"Hizo usiniulize," anasema, kisha anacheka na kujieleza bila kuulizwa.

Ana miaka hamsini na minane, thelathini na moja kati ya hiyo ameipitisha kwenye cherehani. Mwaka jana mwanga wa simu ulianza kumpasua kichwa. Binti yake mkubwa akamnunulia kifaa cha kusomea vitabu, ambacho kioo chake hakimeremeti. Maandishi yamelala kama wino kwenye karatasi. Siku moja, mwisho kabisa wa mipangilio, akagundua kuwa kinaingia pia mtandaoni.

"Kinaingia, lakini kwa kuchechemea," anasema. "Natunga uzi, nashona pindo zima, ndio kwanza ukurasa unafunguka. Kioo kinakuwa cheusi, kinakuwa cheupe, na maneno ya ukurasa uliopita yanabaki kama vivuli. Video ndiyo kabisa, imeganda kama picha ya kitambulisho."

Shule ilipobadilisha sare, iliweka picha mtandaoni na maelezo mafupi: rangi ni kama inavyoonekana. Mama Pindo akaikuza picha, akaitazama sana, akaenda dukani kununua kijivu hichohicho. Kumbe kifaa chake hakina rangi. Hata waridi kingelionyesha la kijivu.

"Nilijua. Ila nimezoea vitabu, na vitabu havidai rangi."

Aliyemshtua ni fundi viatu wa chumba cha pili, aliyefungua ukurasa uleule kwenye simu yake.

"Dada, mbona hii ni damu ya mzee? Wewe unavisha watoto au mawingu?"

"Nilikaa chini palepale," anakumbuka Mama Pindo. "Akiba ya miezi minne ilikuwa imeishia kwenye kile kitambaa."

Hakuficha. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mwalimu mkuu, akasema yote. Mwalimu hakugomba, ila hakusogeza siku. Angechelewa, kazi ya masweta ya shule, inayotosha kumweka mwaka mzima, angepewa fundi mwingine. Binti yake akamchangia kitambaa kipya.

Saa tisa kasoro, mwalimu mkuu anabisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo, moja bado iko kwenye pasi."

Mwalimu anahesabu. Thelathini. Anageuza moja ndani nje, analivuta pindo kwa vidole viwili, linagoma kuachia.

"Hizi watarithishana," anasema. "Haya, masweta ni yako. Wiki ijayo tutaweka picha mtandaoni."

Mama Pindo anazima pasi. Kifaa ataendelea kukitumia, anasema, kwa vitabu na kwa kurasa zenye maneno tu. Mwakani anataka kuajiri msaidizi mmoja, na zile za kijivu atazipunguza ziwe kaptula.

"Picha wawekee wengine, mwanangu," anamwambia mwalimu. "Mimi niletee uzi wenyewe, hata wa urefu wa kidole."