Kiti cha Nyuma

Mzee huyu seremala kila akija kwenye uwanja wa magari ya kuuza pale Amani kukitazama kigari kimoja kikuukuu, ambacho ndicho pekee anachokimudu, hafungui boneti wala hagusi usukani. Huvua makubadhi, akaingia nyuma, akalala ubavu na kukipapasa kiti kwa kiganja chake kigumu kama anayekagua ubao. Borafya, dalali, kashachoka naye.

"Mzee wangu, unanunua gari au kitanda? Injini huiulizi?"

"Nnaangalia mke wangu atalalaje tukienda hospitali, mwanangu. Kukaa hawezi tena."

Leo kalala chali, mlango wazi, miguu ikabaki nje juani. Borafya akaangua kicheko: "Miguu hiyo tuitafutie gari lake!"

Mzee hakuinuka. Alifumba macho, akasema polepole, "Na yeye mrefu kuliko mimi."