Mkeka wa Feruzi kwenye mashua ya Opala

Mtu mwenye safari ndefu na mfuko mwembamba, pale Kisangani, huambiwa aende kwa Papa Feruzi. Hana ofisi. Ana kiti cha mbao chini ya bati lililoegemezwa kwenye ukuta wa bohari, hatua chache kutoka bandari ndogo ambako mashua za mbao za injini, zile watu wanaita balenieri, hufungwa pua zikiangalia ukingo. Ukifika atakuuliza kwanza: watu wangapi, mizigo mingapi, na nani kati yenu ana miguu mibaya. Kisha atanyamaza kidogo, na safari yako nzima itatoka mdomoni mwake kana kwamba alirudi kutoka huko jana.

"Basoko? Bon. Usipande ile kubwa, inasimama kila kijiji. Panda ile iko na turubai ya bleu. Kulala, usilipe hoteli. Uliza nyumba ya Mama Viviane, mushonaji, nyuma ya soko. Sema Feruzi amenituma. Umupe sabuni mbili. Usimupe feza, atakasirika."

Sabuni mbili, au pakiti ya chumvi, ndiyo ilikuwa bei ya nyumba za Feruzi. Alikuwa nazo Isangi, Yangambi, Basoko, Opala: huku veranda, kule pembe ya jiko, kwingine nafasi ya mkeka mmoja kati ya watoto. Alizikusanya kwa midomo ya wasafiri waliorudi kumshukuru. Mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja hajatoka mjini.

Mambo mawili alimfundisha kila mtu. La kwanza ni sheria ya mkeka. Mashua za hapa haziondoki kwa saa. Zinaondoka zikijaa, na kujaa kunaweza kuchukua wiki. Kwa hiyo unapanda mapema, unatandika mkeka wako juu ya magunia, na kuanzia hapo pale ni pako. Unalala pale, unapika pale, hulipi chumba mjini. Hakuna wa kuukunja mkeka wa mwenzake, hata kama mwenyewe ameenda sokoni siku nzima. La pili lilikuwa siri yake, na alilitoa kwa wachache: usiwasikilize mabaharia, maana wao husema kesho kila siku. Angalia mbabula. Mke wa mwenye mashua hupika nyumbani kwake mpaka siku ya mwisho. Siku utakayomwona anashusha mbabula yake, lile jiko la makaa, na kuliingiza mashuani, ujue mtaondoka kabla ya jua kuzama. Miaka ishirini na miwili mbabula haikuwahi kumdanganya.

Jumatatu moja ya mwezi wa mvua simu yake ililia. Alikuwa Amuri, mkwe wake, kutoka Opala. Safiya, binti pekee wa Feruzi, alikuwa na homa siku ya tano, na tumbo lilikuwa limevimba.

"Dawa ya dispanseri amekunywa," Amuri akasema. "Anakula kidogo. Lakini anakuuliza wewe, papa. Kila akiamuka anakuuliza wewe."

"Mwambie ninakuja."

Basi kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja Feruzi akaanza kujipangia safari yake mwenyewe. Akajiuliza yale yale anayowauliza watu. Mtu mmoja. Gunia moja la mchele, kwa sababu mgonjwa ana wauguzi na wauguzi wanakula. Miguu mibaya: ndiyo, na mgongo pia.

Mchana huo Rolly, dereva wa pikipiki, akavuka kwa mtumbwi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, alikokuwa jirani ya dada yake Feruzi. Alikuwa amesikia habari.

"Papa Feru, kesho alfajiri ninaenda Opala. Nafasi iko moja. Tunalala njiani mara moja, jumatano magaribi tuko kule."

"Kwa bei gani?"

Rolly akaitaja. Feruzi akacheka bila furaha.

"Kwa feza ile ninapanda mashua mara sita. Na mchele wangu nitaubeba kwa meno? Na mvua hii, ile barabara yako iko barabara ao iko matope, poto-poto tu?"

"Iko poto-poto, lakini inafika."

"Nitakujibu magaribi."

Nikuambie ukweli, alikuwa ameshaanza kufikiri kumfuata. Feza za kukopa angezipata msikitini. Lakini alipogeuka kuangalia bandarini alimwona Mama Emilie, mke wa Bavon mwenye mashua ya Opala, anashuka ukingoni. Nyuma yake mwendesha toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, alikuwa anasukuma baiskeli yake taratibu, na kwenye kiti cha abiria, imefungwa kwa mpira, ilikuwepo mbabula.

Feruzi akasimama. Akasema alhamdulillahi polepole. Mashua yenye injini mbili, siku tatu mpaka Opala, mchele wake mkavu chini ya turubai. Akamwita Rolly, aliyekuwa bado anakunywa chai.

"Mupe mwingine nafasi."

"Papa, mashua hii? Nani amesema inaondoka?"

"Mtoto, wewe ujue pikipiki. Mimi ninajua mashua."

Rolly akainua mabega, akamchukua muuza makayabu, wale samaki wa chumvi. Feruzi akatandika mkeka wake katikati ya mashua, mahali anapowaambia watu siku zote watandike, mbali na moshi wa injini. Magharibi ikaingia. Akaswali juu ya magunia. Mashua haikuondoka.

Jumanne asubuhi bado ilikuwa imefungwa. Saa nne Amuri akapiga simu, na safari hii akampa mgonjwa.

"Papa," Safiya akasema, sauti imekauka. "Uko njiani?"

Feruzi akaiangalia kamba, jinsi ilivyozungushwa kwenye kigingi.

"Niko njiani, mama."

"Alors nitalala kidogo. Ukifika uniamushe."

Pembeni yake alikuwa Mama Philomène, muuza kwanga, ile mikate ya muhogo, aliyekuwa anafunga kwanga zake upya ili zisivunde. Alisikia. Alimkatia kipande pamoja na samaki, akaviweka kwenye mkeka wake.

Jumatano baharia aliapa kwamba wataondoka mchana. Mchana ulipopita Amuri akauliza tena: "Umefika wapi, papa?" Ukisema uko katikati ya pori, watakuuliza umepata wapi mtandao. Feruzi alijua kila mahali simu inaposhika kando ya mto ule. Akasema:

"Tumepita Isangi."

"Ah, basi uko karibu. Kesho kutwa uko hapa."

Akazima simu. Akaenda nyuma ya mashua, ambako Mama Emilie alikuwa anageuza makemba, ndizi za kupika, juu ya makaa.

"Mama Emilie, na heshima yako. Mbabula hii umeileta jumatatu. Kwa nini mashua haiondoki?"

Mwanamke akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini mvua ina maji.

"Mashua inangoja pompe ya injini, papa. Pompe iko Kinshasa. Mbabula ni jambo lingine. Mwenye nyumba ametufukuza jumapili, miezi mine hatujalipa. Ulitaka nipikie wapi? Tunalala hapa sasa, mimi na Bavon na watoto."

"Na hukusema."

"Nani aliniuliza? Na wewe ukisikia pompe, ungetandika mukeka? Wale wengine walipanda kwa sababu wamekuona wewe umepanda. Bavon amefurahi sana."

Feruzi akageuka. Kweli, mikeka ilikuwa imejaa mpaka puani mwa mashua; siku ya jumatatu ilikuwa minne tu. Watu wakamsalimia. Mmoja akamuuliza, "Papa Feruzi, leo ao kesho?" Feruzi akashuka mashuani. Alivuka mto kutafuta pikipiki nyingine, lakini waliobaki Lubunga walisema daraja moja la magogo limeondoka na maji, wangoje Rolly arudi na habari. Jua lilipokuwa linazama akarudi kwenye mkeka wake, maana hakujua mahali pengine pa kurudi.

Alhamisi, baada tu ya sala ya alfajiri, simu ikalia.

"Papa," Amuri akasema. "Papa, Safiya ametuacha. Saa hii, kabla ya adhana."

Feruzi akasema yale mtu anayosema, kwamba sisi ni wa Mungu na kwake tunarejea. Midomo ilisema yenyewe.

"Sheikh anataka tumuzike mbele ya adhuhuri," Amuri akaendelea. "Lakini nimemuomba. Nimesema baba yake amepita Isangi jana, iko ndani ya mto Lomami sasa, siku moja tu. Amekataa, halafu wazee wamemubembeleza. Wamekubali tungoje mpaka kesho. Kaburi limechimbwa, tumelifunika na mabati kwa sababu ya mvua. Papa, niambie vizuri, niwaambie wazee: uko wapi?"

Kwenye mashua watu walikuwa wamegeuka kumwangalia. Mama Philomène alikuwa ameshika kitambaa mdomoni. Maji yalipiga mbao, yakarudi, yakapiga tena.

"Niko Kisangani," Feruzi akasema.

"Wapi?"

"Kisangani, bandarini. Sijatoka. Tangu jumatatu sijatoka."

Akadhani mtandao umekatika. Kisha akasikia mvua ikinyesha juu ya bati, kule Opala.

"Bon," Amuri akasema. "Basi tunazika."

Jumamosi mchana Rolly alirudi, matope mpaka kifuani. Alimkuta Feruzi bado kwenye mkeka wake, na mashua bado kwenye kamba yake. Alitaka kumpa pole na kuondoka, lakini Feruzi akamshika mkono.

"Ulifika jumatano?"

"Jumatano magaribi, papa. Ile daraja tulipita kabla ianguke."

"Ulimuona?"

Rolly akaangalia majini. "Nilipita kumusalimia. Aliniuliza kama uko nyuma yangu. Nilimwambia uko na mashua, unakuja. Akasema, ni vizuri, mashua haimuumizi mugongo."

Feruzi akainama, akaukunja mkeka wake mwenyewe, polepole, mpaka ukawa kama fimbo nene. Gunia la mchele akalisukuma upande wa Mama Emilie. Nyuma yake mtu mmoja aliyekuwa amesimama akiangalia pale palipoachwa wazi hakuthubutu kutandika wake.

"Nipeleke," akamwambia Rolly.

"Papa, wamemaliza. Ungoje arobaini, barabara itakauka."

"Nipeleke."

Rolly akapangusa uso. "Daraja hakuna, tutazunguka. Itakuwa siku tatu. Tutalala wapi njiani? Wewe ndiye unajua nyumba."

Feruzi akafungua mdomo. Rolly akangoja, maana kila mtu Kisangani alikuwa anangoja hivyo mzee huyu anaponyamaza: jina la mtu, nyuma ya soko, sabuni mbili.

"Sijui nyumba," Feruzi akasema. "Twende."