Sahani ya Biskuti Moja

Juzi, kwenye chekechea moja huku Barking ughaibuni, nilimwona mtoto wa jirani yangu, ambaye nyumbani kwao husema Kihispania, akiwekewa picha mbili: gari moja, na magari mengi. Akaulizwa magari yako wapi. Akasita, akamtazama mama yake. Pale pale nikaikumbuka harufu ya zulia bichi la ofisi ile nilikopimwa mimi pia utotoni.

Nilikuwa mdogo, kitini miguu haifiki chini. Mwanamke wa Kizungu anayepima lugha za watoto aliniwekea sahani mbili. Moja ilikuwa na biskuti moja, nyingine imejaa, zinanukia siagi. Akanitaka nimwoneshe zilipo nyingi. Kiingereza chake nilikielewa vizuri. Lakini nilidhani ananikaribisha, na bibi yangu wa Unguja alikwisha kunifunza kwamba ukikaribishwa kwa watu usioneshe uroho, chukua kidogo. Nikagusa ile moja. Akarudia kuuliza, nikagusa ile ile. Nyuma yangu mama akanong'ona, "Mashaallah, mwanangu."

Yule mwanamke akamwambia mama kuwa sijui kutofautisha kimoja na vingi, kwamba lugha mbili zinanichanganya, basi nyumbani tuseme Kiingereza tu. Mama, kwa adabu ile ile, hakubisha.

Bibi, aliyekuwa akiishi nasi, hakujua Kiingereza. Akawa kimya ndani ya nyumba yetu mpaka alipokufa. Kiswahili hiki nimejifunza ukubwani, kwa mwalimu. Bibi hakuwahi kukisikia.